Mkanda wa Bwana Njie

Meli ya Mwari, Kaur
6 Januari 1991

Mama Matarr,

Naandika mbio mbio kabla Sulay mchuuzi hajapakia mtumbwi wake kuja huko. Mimi mzima, mgongo tu kidogo kwa kuvuta nanga. Natumaini na nyinyi mko salama, na kwamba jino la mtoto limeshatoka.

Kuna jambo. Juzi meneja alitukusanya, akasema wageni wamechoka na vituo vyetu. Kila tukitia nanga wanapigiwa ngoma, wanauziwa vinyago, wanavutwa mashati. Anatafuta kisiwa cha mwisho wa safari kisicho na kitu. Hakuna hoteli, hakuna duka, hata gati hakuna. Mahali pa kushuka, kutembea kidogo, kukaa kimya, basi. Wenzangu wakacheka. Mimi nikasema Kerr Sohna.

Amekubali kujaribu. Meli itakuja hapo katikati ya Februari. Akiridhika, itakuwa inalala mbele ya kisiwa kila safari mpaka mvua zianze, na mimi nitalala kwangu. Asiporidhika, msimu mzima tutakuwa tunageuzia hapa Kaur, na Matarr ataniona mvua zikinyesha, akiwa anatembea na meno yamejaa mdomoni.

Ila sikumwambia kuwa ndiko kwetu. Mwaka jana alimfukuza mpishi aliyewajaza ndugu zake gatini wawasumbue wageni kwa biashara. Nikisema ni kwetu, atadhani na mimi nina hila ile ile. Kwa hiyo siku hiyo mimi si mtu wenu. Nitawaleta wageni ufukoni kwa mashua, nitabaki majini nimeshika kamba. Asiniite mtu jina. Asinisalimie mtu. Na wewe pia, Rohey. Mtoto mweke mbali nami kabisa, maana aliyeyaona masikio yake amenitambua mimi.

Waambie wazee: wasiuze kitu, wasiombe kitu, wasipige ngoma.

Mumeo,
Biran Cham


Kerr Sohna
13 Januari 1991

Baba Matarr, mpenzi wangu,

Barua yako imefika inanuka samaki, Sulay aliikalia njia nzima. Nimeisoma hivyo hivyo na pua nimeziba. Jino limetoka, na la pili linachungulia. Ananing'ata, halafu anacheka. Anakaa bila kushikwa. Anaogopa kitu kimoja tu, kofia. Mwanamume yeyote akija na kofia kichwani, mwanao analia mpaka anakosa pumzi, na hapa wanaume wote wanavaa kofia, kwa hiyo tunashinda kwenye kilio.

Nilipeleka habari yako kwa mkuu wa kijiji, tukakutana uani kwake. Mzee Ebrima akauliza, watu watoke Ulaya, wapande ndege, wapande meli, waje kuangalia hakuna kitu? Kwani hiyo hakuna-kitu huko kwao haipo? Nikamjibu labda haipo, ndiyo maana wanaifuata. Wakacheka, lakini naona wameelewa vibaya, maana sasa kila mtu anataka kuipamba hiyo hakuna-kitu ili ipendeze. Mzee Ebrima ameshaanza kupaka mti chokaa. Vijana wanataka wavuke kwenda Kuntaur kukodi jenereta na spika. Wanawake wanataka tushone sare. Nimekimbia huku na huku kama kuku, nimesema waache, waache, wawaache mbuzi walale njiani wanapolala siku zote.

Kuhusu kutokukujua, nitafanya ulivyosema. Lakini si rahisi, wewe unajua. Hapa kumpita mtu bila salamu ni sawa na kumtemea mate. Jana nilimwambia dada yako asimame mlangoni ajifanye wewe, mimi nipite na ndoo kama sikumwona. Nikapita vizuri sana, shingo imenyooka. Nilipofika nyuma ya nyumba nikagundua nimemwaga maji yote.

Nafikiri sana juu ya kulala kwako hapa. Kila safari! Nimeshatoa ile shuka ya bluu kuianika.

Bibi yangu Kodou anakusalimu. Anauliza meneja wenu ni wa ukoo gani. Anasema hawezi kumpikia mtu asiyemjua ukoo, chumvi inakosa mahali pa kusimama. Ananiuliza kutwa mara nyingi, nijibu nipumzike.

Wako,
Rohey


Meli ya Mwari, Kaur
20 Januari 1991

Mama Matarr,

Mzee Ebrima aache huo mti.

Nimefurahi kusikia jino. Nimewaambia wenzangu wa mashine kuwa mtoto wa dada yangu ameota meno, maana nikimtaja wangu wataniuliza yuko kijiji gani, nikala biskuti zao kwa furaha hiyo.

Meneja ni Bwana Njie. Habibou Njie. Lakini mwambie Bibi asihangaike na chumvi, hatakula kwenu. Huyu hali na mtu. Alipelekwa Ulaya akiwa mdogo, kakulia huko, Kiwolofu chake kinakwenda na fimbo. Hacheki. Mimi nimekaa naye misimu miwili sijawahi kuona meno yake. Anavaa kofia nyeupe na mkanda wa ngozi ambao nadhani analala nao. Akiangalia saa, watu wote melini tunanyooka.

Nakuomba, Rohey, iwe siku ya kimya. Sina ombi jingine.

Biran


Kerr Sohna
25 Januari 1991

Baba Matarr,

Barua yako niliisoma kwa sauti, kwa mazoea yangu, Bibi Kodou akiwa pembeni anapeta mpunga. Nilipofika kwenye jina la ukoo nikataka kulimeza, likawa limeshatoka.

Akaweka ungo chini. Akasema, "Njie?" Akasimama, na wewe unayajua magoti yake, akazunguka uwanja mzima anacheza. Bibi yangu ni Jobe, Biran. Jobe wa baba na wa mama, na Njie ni watani wao tangu mababu. Tangu yule mzee Njie wa ng'ambo ya mto alipofariki, hajapata mtani wa kumtukana kwa haki yake, na anasema mdomo umeanza kuota kutu.

Nimemwambia huyu si Njie wa kutaniwa. Akaniambia hakuna Njie wa namna nyingine. Nikapiga magoti, nikamwekea Matarr mapajani, nikamwambia Bibi, ukifungua mdomo siku ile, mtoto huyu hatamwona baba yake. Akamvuta mtoto kifuani. Kisha akaahidi hatamgusa kwa neno mtu yeyote ambaye hajamwambia kwa mdomo wake kwamba yeye ni Njie.

Nimeona ahadi hiyo inatosha. Meneja hatajitaja kwa kikongwe asiyemfahamu. Lala usingizi.

Rohey


Meli ya Mwari, Kaur
13 Februari 1991

Rohey,

Tumeharibikiwa.

Mimi nilifanya yangu yote. Nilisimama majini nimeshika kamba, nimewapa kisogo. Nilimsikia mtoto wangu analia na sikugeuka. Wewe ulipita na ndoo karibu kabisa, nikaangalia maji. Sijawahi kuyaangalia maji kwa nguvu namna ile.

Halafu nikasikia kelele huko juu uani. Kelele za wanawake, na vifuniko vya sufuria vinagongwa. Wageni wawili wakashuka mbio wakiniuliza kama kuna vita. Sikuweza kuacha mashua. Nikakaa hapo mpaka nilipomwona Bwana Njie anashuka ufukoni, hana kofia, hana mkanda, suruali ameishika kwa mkono. Alipanda mashua. Alinitazama usoni mimi, si mwingine, akanitazama mpaka tukafika melini. Akajifungia chumbani. Jioni akaagiza aletewe orodha yetu wafanyakazi wote, na kila mmoja anatoka kijiji gani.

Mwenzangu wa mashine anasema bibi mmoja alimfunga meneja kwa kilemba kwenye nguzo ya ghala. Sikumuuliza bibi yupi.

Nilikuomba kimya, Rohey. Siku moja ya kimya.

Begi langu nimeshaanza kulifunga. Usije Kaur kunipokea, nitajileta mwenyewe.

Biran


Kerr Sohna
16 Februari 1991

Baba Matarr, mume wangu,

Lifungue begi. Soma kwanza, ndiyo ukasirike, kama hasira itakuwa bado ipo.

Wewe uliangalia maji, hukuona. Mimi niliona yote, nikuambie.

Wageni walipanda njia ya mashamba taratibu. Hakuna aliyewavuta, hakuna aliyewakimbilia. Mbuzi walilala njiani, wageni wakawazunguka. Sisi tulikuwa tunatwanga, na tuliendelea kutwanga. Wakakaa kwenye mafungu ya majani ya mpunga, na nikaona ajabu, Biran. Wakanyamaza. Watu wazima wamekaa wanasikiliza mchi na njiwa, na kiboko mmoja anapumua huko kwenye matete. Mama mmoja mzee, nywele nyeupe kama pamba, alivua viatu akaenda kusimama kwenye tope la shamba langu. Akafumba macho. Nilitamani nimwambie hapo kuna ruba, lakini uso wake ulinizuia.

Bwana Njie peke yake alisimama. Kofia, mkanda, saa. Alikuwa anatuangalia kama mtu anayengoja tuombe kitu. Hatukuomba. Akangoja tena. Kisha akaenda alipokaa Bibi Kodou, maana ndiye mkubwa pale uani, akamnyooshea mkono kama mzungu. Akasema kwa Kiwolofu chake cha fimbo kwamba anashukuru kwa mapokezi, na kwamba yeye anaitwa Njie.

Alijitaja mwenyewe, Biran. Kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa na mchi hewani, ukabaki hewani.

Bibi hakuushika ule mkono. Akageukia wanawake, akasema polepole kabisa, "Ficheni wali. Njie amefika."

Basi ungeona. Wanawake wazima wakarukia sufuria kama nyumba inaungua. Huyu amekalia kifuniko, yule amekimbiza chungu ndani, Mama Haddy ameficha hata sufuria ya maji ya kunawa. Bibi akasimama akavua kilemba, akamfunga meneja mkono kwenye nguzo ya ghala, akamwambia mwizi wa ukoko wewe, babu zako walimaliza mchele wa mto huu mpaka samaki wakahama, leo umevaa kofia unadhani sitakutambua kwa tumbo? Kofia akaivua. Mkanda akauchomoa. Akasema mkanda huu ndio unaozuia kisiwa changu kisiliwe chote.

Wageni wakaogopa, wawili wakakimbia, ndio hao waliokujia. Mimi nilikaa chini. Nilimkumbatia Matarr nikawaza, basi, mwanangu, tusubiri mvua.

Meneja alikuwa ameganda. Amefungwa, anamtazama Bibi. Midomo inamcheza lakini haitoi kitu, nikadhani anatafuta tusi la kizungu. Halafu akasema. Na hakusema kwa kile Kiwolofu cha fimbo. Alisema kwa lugha ya mtoto mdogo, ile laini, kama ilivyobaki kinywani tangu alipochukuliwa.

Alisema, "Nyinyi Jobe mnaficha sufuria tupu. Wali mliumaliza jana, mkalamba na mwiko."

Uani pakawa kimya kuliko hata kile kimya chao cha kulipia. Kisha Bibi akapiga kigelegele, na wanawake wote wakaitikia kwa vifuniko. Hizo ndizo kelele ulizozisikia! Meneja akaanza kucheka. Ana meno, Biran, mazuri sana, moja limekatika pembeni. Alicheka mpaka akaegemea nguzo, na machozi yakamtoka, na baadaye nikaona yale machozi hayakuwa ya kicheko tena. Akamwambia Bibi kwamba maneno yale alifundishwa na bibi yake kabla hajapelekwa Ulaya. Alimwambia siku ukikutana na Jobe, hili ndilo jibu lako. Akaondoka nalo. Huko alikokaa hakuna aliyemwita mwizi wa ukoko, akakaa nalo tu, akadhani ameshalisahau. Bibi akamfuta uso kwa kile kile kilemba alichomfungia. Akamwambia pole, mlafi wangu.

Kumfungua ilibidi ajikomboe kwa njugu za kola za kutafuna, kama desturi, na kola hakuwa nazo. Kwa hiyo Bibi akamwachia mwili, akazuia kofia na mkanda mpaka alete. Ndiyo maana ulimwona ameshika suruali.

Sasa lile lililobaki, na hili ndilo linaloninyima raha. Alipokuwa anaondoka Matarr alikuwa bado analia, amenyoosha mikono kwenye njia ya mto. Meneja akamsimamia. Akamtazama masikio. Akauliza, "Huyu ni wa nani?" Mimi nikafunga mdomo kama ulivyoniagiza. Bibi Kodou, ambaye ahadi yake ilishaisha, akasema ni wa yule uliyemsimamisha majini kama kigingi.

Meneja hakusema kitu. Alitazama chini mtoni muda mrefu, akashika suruali yake, akashuka.

Sikukipenda hicho kimya chake. Lakini sikukichukia pia. Mtu aliyelia mbele ya Bibi yangu hawezi kuwa mtu mbaya moja kwa moja. Mimi shuka ya bluu sijaikunja.

Rohey wako


Banjul
23 Februari 1991

Kwa Kodou Jobe, mlafi mkuu wa Kerr Sohna.

Barua hii aisome Rohey kwa sauti, mbele ya watu, asiruke neno.

Wewe Kodou, nimerudi mjini nimejifunga kamba ya nailoni kiunoni. Wageni wamenipiga picha. Ukoo wangu umeaibika, na wa kulaumiwa ni tumbo la Jobe, ambalo baada ya wali limeanza kula na ngozi.

Niliwauliza wageni safari nzima wamependa nini. Nilitegemea viboko. Yule mama aliyesimama kwenye tope akaniambia kwamba kisiwani hakuna mtu aliyetaka kitu kutoka kwake, na kwamba aliniona nacheka. Kumbe wamesafiri nami juma zima wakidhani sina meno.

Kwa hiyo sikiliza amri zangu. Meli itatia nanga hapo kila safari mpaka mvua zianze, na msimu ujao pia. Hakuna kitakachojengwa, si gati, si choo cha marumaru, si duka. Anayetaka kushuka atalowa miguu. Nimeona mti mmoja umepakwa chokaa, uoshwe. Sufuria zifunikwe vizuri, maana nakuja na njaa.

Na yuko mtu wangu mmoja aliyenidanganya. Alinionyesha kisiwa chake kama kwamba amekiota ndotoni, akamwacha mwanawe analia uani huku yeye anahesabu viluwiluwi. Nimemwita, nimemuuliza kwa nini. Akasema aliogopa. Nimekaa na neno hilo siku kadhaa. Mfanyakazi wangu anaogopa kuniambia kwao ni wapi, na mimi ni mtu niliyejifunza lugha miguuni pa bibi yangu. Lakini kosa ni kosa, na adhabu yake ni hii: Biran Cham haruhusiwi kulala melini usiku wowote ambao meli yangu imelala mbele ya Kerr Sohna. Akionekana melini usiku huo, nitamkabidhi kwako umfunge nguzoni.

Kola naleta kikapu kizima. Andaa mkanda wangu.

Ni mimi, ninayekushinda kwa kila kitu isipokuwa ulafi,
Habibou Njie


Kerr Sohna
12 Machi 1991

Baba Matarr wangu,

Umeondoka asubuhi ya leo na tayari ninakuandikia, Sulay ananicheka. Anasema barua itafika Kaur kabla ya meli. Na ifike.

Mpaka sasa watu wanasimulia jinsi ulivyoshuka. Ulivyoruka mashua kabla haijagusa mchanga, na sare yako nyeupe, maji ya kiuno, na meneja amesimama nyuma anapiga kelele kwamba kamba ameshika nani. Kamba aliishika yeye! Mzee Ebrima anasema ameishi sana lakini hajawahi kuona meneja anashika kamba. Mimi nilisema sitakimbia, nitasimama kama mke wa mtu. Sikumbuki kusimama. Nakumbuka tu kwamba nilikusalimu, na ukaitikia, na nikakusalimu tena toka mwanzo, za safari, za kazi, za mgongo, zote tulizokuwa tumenyimwa siku ile, na kijiji kizima kimenyamaza kinatusikiliza.

Matarr alilia, sawa, alikulilia na wewe. Usije ukaniandikia kwamba iliuma. Ulikuwa umevaa kofia, mpenzi wangu. Ulipoivua si alinyamaza? Si alikushika masikio, akajishika na ya kwake? Usiku mzima alilala juu ya kifua chako kama chura juu ya jani, na asubuhi hii meli ilipopiga honi alinyoosha mkono, akasema "ba". Bibi anasema ni pumzi tu. Mimi ndiye mama yake, nimesikia.

Yule mama aliyesimama kwenye tope amenitumia picha kwa mkono wa meneja. Ni tope la shamba langu, na alama za miguu yake. Hakuna kingine. Nimeibandika ukutani. Mzee Ebrima ameitazama sana, kisha akaenda kuchukua maji na kitambaa kuosha ule mti wake.

Kofia ya Bwana Njie imerudi kwa mwenyewe, lakini ilipitia kichwa cha Matarr kwanza. Bibi alimvika. Ikamfunika mpaka puani, akacheka humo ndani gizani, na tangu hapo kofia hazimtishi.

Lakini mkanda haujarudi. Kola Bibi amezipokea, amezihesabu mbele ya watu, amezigawa, amesema ni kola nzuri. Kisha akasema mkanda hautoki. Meneja akamwambia mama, nimelipa. Akajibiwa kwamba Njie akishapata mkanda wake atasahau njia ya kuja. Wakatukanana mpaka chakula kikapoa. Ulipoondoka ulimwona amejifunga tena ile kamba ya nailoni, na alikuwa anaimba.

Mkanda umening'inia hapa juu yangu darini ninapoandika. Nimemuuliza Bibi ataurudisha lini. Amesema, hapo nitakapokufa, na mimi sina haraka.

Njoo, basi. Shuka ya bluu iko juani.

Rohey